Siku ya Mapumziko ni ya Nani?

Jambo ninalotaka tulifikiri pamoja leo ni dogo kwa kulitazama. Jamaa moja inapanda motokari alfajiri, inakwenda mlimani kupata hewa ya baridi, inakula chakula chake chini ya miti, na jioni inarudi nyumbani. Je, kuna nini hapo cha kuandika gazetini? Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelewa, hakuna aliyepigana na jirani. Hata hivyo siku ile binti yangu mwenye miaka kumi na mitatu aliniuliza swali, na mpaka leo sijamjibu vizuri. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuuliza kuliko kuulizwa. Labda nikiandika nitaona njia.

Kwanza tuulize kama yafaa Mkristu kutumia siku nzima kwa kustarehe tu, hali kazi ziko na maskini wako. Wako wazee wetu wanaosema kwamba starehe ni ya wavivu. Kanisa halisemi hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza swali hilihili katika kitabu chake kikubwa, akajibu kwa hadithi ya zamani juu ya mtume Yohane. Watu walichukizwa walipomwona mzee yule akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na uta mkononi, apige mshale. Akapiga. Akamwambia apige tena, na tena, kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema hapana, uta ungevunjika. Basi, akasema mtume, na roho ya mtu ni hivyohivyo. Tomaso akaongeza neno ambalo pengine litawashangaza baadhi yetu, kwamba mtu asiyejua kucheza hata kidogo, tena anawachukia wengine wanaocheza, ana kosa.

Tena amri ya siku ya saba, kama ilivyoandikwa katika Kumbukumbu la Sheria, haikutolewa kwa baba mwenye nyumba peke yake. Yatajwa humo mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni aliye ndani ya malango. Na katika siku zetu Mataifa yaliyoungana waliandika mwaka 1948, katika kifungu cha 24 cha Tangazo la haki za binadamu, kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba wafanya kazi wapate nafasi ya kutosha kwa ajili ya jamaa zao. Basi juu ya hilo hatuna haja ya kubishana. Kupumzika ni haki. Ugumu unaanza tukiuliza: haki hiyo inakwenda kwa miguu ya nani?

Hapa nisimulie kidogo habari za miji ya milimani. Watu wa Ulaya walipokuja katika nchi za joto waliteseka, wakatafuta mahali pa juu. Hesabu yake ni nyepesi: kwa kadiri, ukipanda mita 1,000 joto hupungua digrii 6 hivi. Waingereza wa Bara Hindi walikuwa na Simla, mji ulio juu zaidi ya mita 2,000, na tangu mwaka 1864 serikali yao yote ilihamia huko kila wakati wa joto, na makarani wake na makaratasi yake. Wajerumani walijenga Wilhelmstal katika milima ya Usambara, ndiyo Lushoto ya leo, kwenye mita 1,400 hivi. Wabelgiji walipenda Bukavu, waliyoiita Costermansville, juu ya maji ya Kivu. Ni miji mizuri. Nimeiona Bukavu, na sina neno baya juu ya hewa yake. Lakini kabla ya motokari hakuna aliyefika kule juu kwa nguvu za upepo. Alibebwa yeye, au ilibebwa mizigo yake.

Na njia yetu, hii ya Kasongo na Kabambare, inajua mambo ya kubeba kuliko njia nyingi. Katika miaka ya 1870 na 1880 misafara ya pembe ilitoka Nyangwe na Kasongo, kwa akina Tippu Tip, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa la Tanganyika hata Ujiji, na kutoka huko ikaenda Tabora na pwani. Pembe zilikwenda mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa wametekwa. Livingstone alikaa miezi mingi huko Bambare, ndiyo Kabambare yetu, katika mwaka 1870 hata mwanzo wa 1871, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imejaa vidonda na hakuweza kusafiri. Vidonda vyake vimeandikwa vitabuni. Vya watu waliobeba pembe nani ameviandika? Kisha vikaja vita vya mwaka 1892 hata 1894, Waarabu wakashindwa, bendera ikabadilika. Mabega hayakubadilika. Baba ya mama yangu, alipokuwa kijana, alibeba kipoyi, kile kiti chenye miti mirefu walichoketi wakubwa wa serikali. Mama yangu husema mzee yule hakuwa na chuki, ila alikuwa na neno moja alilolirudia mara kwa mara akiota moto jioni: aliyebebwa hajui kilima.

Sasa nije kwenye safari yetu.

Kwetu Kasongo haukujengwa mji wa mlimani. Nchi yetu ni ya chini, upande wa Lualaba, na joto lake mnalijua. Lakini ukishika njia ya mashariki, nchi inapanda kidogo kidogo, na kando ya barabara ya Kabambare kuna kilima ambapo zamani palikuwa na nyumba ya kupumzikia wakubwa wa safari. Nyumba yenyewe imekwisha anguka. Imebaki misingi ya mawe, ngazi tatu zisizofika mahali, na mikaratusi iliyopandwa kwa mstari. Upepo wa pale ni wa baridi. Watoto wangu walikuwa wameusikia habari zake tangu Noeli, maana nilikuwa nimewaahidi kwamba siku moja tutakwenda kuuona. Mwalimu wa kwetu hana motokari, na pengine hana hata mshahara wa mwezi uliopita. Lakini katika kiangazi kimoja shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, alifika kutoka Kalemie na Land Cruiser yake ya zamani, akasema, "Mwalimu, watoto wasingojee tena. Jumamosi tunakwenda." Tukaulizia kwanza habari za njia, kama inavyopasa siku hizi. Tukaambiwa ni shwari.

Tuliondoka saa kumi na moja ya alfajiri, watu tisa. Shemeji alishika usukani. Mama yangu, aliye mzee, aliketi mbele kama malkia na mkoba wake magotini. Nyuma tulikuwa mke wangu na mimi na watoto watano, pamoja na sufuria ya sombe, ugali uliofungwa katika majani, samaki, ndizi, na mkeka. Watoto waliimba mpaka sauti zikakauka. Njia ni mbaya, shemeji alikwenda polepole. Kuna mahali mtu wa miguu alitutangulia. Tuliwapita wasukuma baiskeli wengi. Msomaji wa kwetu anawajua: baiskeli haina tena pedali, fimbo imefungwa kwenye usukani, bidoni za mafuta ya mawese zimening'inizwa huku na huku, na mwanamume ameinama nyuma yake anasukuma, kilima baada ya kilima, mpaka kwa wachimba dhahabu wa Namoya au sokoni Kabambare. Tukiwapita walisimama kando na kufunga macho kwa ajili ya vumbi letu. Watoto waliwapungia mikono. Mmoja, mwenye kofia nyekundu, aliwapungia naye.

Ilipata saa tatu tulipomwona yule mama. Alikuwa anakuja mbele yetu, yaani anashuka kuelekea tulikotoka, peke yake, na mtoto mgongoni. Aliinua mkono. Shemeji akasimamisha gari. Mama yule alisema mtoto ana homa tangu juzi, usiku ameanza kushtukashtuka, naye anampeleka kwenye kituo cha afya. Kituo hicho tulikuwa tumekipita karibu saa moja iliyotangulia. Labda ni kilometa 12. Alitazama ndani ya gari, akaona watoto na sufuria, akaona kwamba tunakwenda upande mwingine. Hakutuomba turudi. Alisema tu, "Nilidhani mnashuka."

Mama yangu alifungua mlango wake. "Nishukeni mimi hapa," akasema, "mtanikuta chini ya mti ule." Sote tukamkataza. Mama, siku hii ni yako pia. Mama, jua litakuwa kali. Mama, nafasi si shida, shida ni njia. Shemeji alitazama mshale wa mazutu. Alikuwa amepima mazutu ya kwenda na kurudi na kidogo cha akiba, na mazutu ya kwetu hayanunuliwi kila kijiji. Mimi nilitazama watoto. Kisha nikasema maneno ambayo ndiyo yaliyoniletea makala hii: "Mama, tutashuka saa kumi. Tukikukuta njiani tutakuchukua." Mke wangu akampa ndizi nne na chupa ya maji. Mama yule alitushukuru kwa magoti. Tukaenda.

Nataka kusema kweli yote, basi nitasema kwamba siku ile mlimani ilikuwa nzuri. Nisingependa mtu adhani tuliketi na huzuni. Tulifika saa nne na nusu. Watoto walikimbia katika mikaratusi wakipiga kelele, wakapanda zile ngazi tatu na kuruka, wakapanda na kuruka. Bonde la Luama lilionekana mbali, na moshi wa mashamba yanayochomwa. Mama yangu alivaa sweta, jambo ambalo hajalifanya Kasongo tangu nimjue, akacheka kwa ajili ya sweta hiyo. Shemeji alilala. Mke wangu na mimi tuliongea juu ya mambo ambayo nyumbani hatupati nafasi ya kuyaongea. Kama Tomaso wa Akwino angetupitia pale, nadhani angetubariki. Na yule mama wa njiani, kwa muda wa saa tatu nzima, sikumkumbuka hata mara moja.

Ndipo binti yangu akaja akaketi karibu nami kwenye mkeka. Alikuwa ameshika majani ya mkaratusi, anayanusa.

"Baba," akasema, "umemwambia yule mama tutamchukua saa kumi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kituo cha afya ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Saa sita mchana atakuwa amekwisha fika. Basi saa kumi tutamkuta njiani kwa sababu gani?"

Mimi ndiye niliyemfundisha hesabu mtoto huyu.

Wasomaji, tulipige jambo hili mizani bila haraka. Wengine wataniambia: Mwalimu, unajisumbua bure, hukutenda dhambi, gari halikuwa lako, lilikuwa limejaa, mlikuwa na ahadi kwa watoto, na mwanamke mwenyewe hakuomba. Neno hilo la mwisho tuliache upande, maana maskini wa kwetu amefundishwa tangu zamani kutoomba kitu kikubwa kwa mtu aliye garini. Yaliyobaki yana uzito. Hata Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba mapendo yana utaratibu wake, na kwamba yatupasa kuwatendea mema kwanza wale walio wetu. Baba anayewasahau watoto wake ili aonekane mwema mbele ya wageni, huyo hajui mapendo. Nimewaona wa namna hiyo. Lakini Tomaso huyohuyo anasema pia kwamba mgeni aliye katika hatari kubwa anatangulia, hata mbele ya baba mzazi, kama baba mzazi hana hatari hiyo. Watoto wangu walikuwa na hatari gani saa tatu asubuhi? Hatari ya kufika mlimani saa sita na nusu badala ya saa nne na nusu. Maana ndiyo hesabu yenyewe: kurudi hata kituo cha afya saa moja, kupanda tena saa moja. Tungekula sombe ikiwa imepoa. Ahadi yangu kwa watoto isingevunjika, ingechelewa.

Juu ya mazutu sijui. Shemeji alisema baadaye kwamba yangetosha kwa shida. Alisema pia kwamba pale njiani hakuwa amehesabu. Alitazama mshale ili awe na kitu cha kutazama. Namheshimu kwa kuniambia hivyo.

Lakini nikijichunguza naona kwamba kosa langu kubwa si kule kukataa. Mtu anaweza kukataa kwa haki. Ningaliweza kumwambia mama yule, "Mama, hatuwezi kurudi, shika njia upesi, pengine utapata msaada mwingine," naye angejua yuko wapi na dunia. Mimi nilimpa ahadi. Na ahadi ile haikuwa na kitu ndani yake. Kama angefika salama asingeihitaji, na kama asingefika ingemkuta amechelewa. Niliitoa kwa ajili ya nani, basi? Niliitoa kwa ajili yangu, ili motokari iondoke na watu wema ndani yake. Ndicho binti yangu alichokiona kwa hesabu ya darasa la sita.

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Darley na Batson, waliandika habari ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa seminari huko Princeton. Kila mmoja alitumwa kwenda kuongea katika jengo lingine, na njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugua. Wengine walikuwa wameambiwa wazi kwamba wataongea juu ya Msamaria mwema. Kati ya wale walioambiwa kwamba wamekwisha chelewa, 10 tu kwa kila 100 walijaribu kumsaidia. Kati ya wale wasio na haraka, 63 kwa kila 100. Na wale waliokuwa na Msamaria vichwani mwao hawakuachana sana na wengine. Kilichowagawa ni haraka. Nilipoisoma habari hii zamani nilicheka. Sasa sicheki sana. Wale vijana walau walikuwa na haraka ya kazi. Sisi tulikuwa na haraka ya kupumzika. Siku moja tuliyojitengea ili tusihesabu saa, ndiyo tuliyoihesabu kwa uchoyo kuliko siku zote za shule.

Injili ina habari inayofanana na yetu, katika sura ya 6 ya Marko. Mitume wamerudi kutoka kazini, wamechoka, hawakupata hata nafasi ya kula. Bwana mwenyewe anawaambia waende mahali pa faragha, wapumzike kidogo. Wanapanda chombo. Angalieni: wenye chombo wanakwenda kwa maji, na maskini wanakimbia kwa miguu ufukoni, wakawatangulia. Kule kwenye mapumziko wanakuta watu elfu kadha wanawangoja. Bwana hakuwaambia mitume kwamba walikosa kutaka kupumzika, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita. Wala hakuwaambia watu kwamba hii ni siku ya faragha, warudi kesho. Aliwahurumia. Mitume walitaka kuwaaga watu waende zao wajitafutie chakula, na sababu zao zilikuwa nzuri kama zetu: mahali ni pa jangwa, saa zimekwenda. Sijui kama walipata kupumzika siku ile. Marko anasema kwamba baada ya chakula Bwana aliwalazimisha kurudi chomboni.

Mtaniuliza mtoto alipatwaje. Alipona. Jioni tulisimama kwenye kituo cha afya, tukamkuta mama yake ameketi barazani, mtoto amelala mapajani. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Degedege lilimshika walipokuwa wanaingia mlangoni, akapigwa sindano. Mwuguzi alituambia kwamba ugonjwa huu kwa mtoto mdogo hauhesabiwi kwa siku, unahesabiwa kwa saa. Mama yule alitushukuru tena kwa ndizi. Ningefurahi zaidi kama angetutukana.

Na hapa iko fumbo ambalo nawaachia wenye akili kuliko mimi. Kama mtoto yule angalikufa, kijiji kizima kingesema sisi tumemwua, na mimi ningalilisema hivyo mbele ya padre. Amepona, basi watu wanasema, Mungu ametusaidia, yamekwisha. Lakini lile tulilolitenda saa tatu asubuhi ni lile lile. Hatukujua wakati ule kama ataishi au atakufa. Tuliondoka bila kujua. Ikiwa dhambi inapimwa kwa moyo na si kwa bahati, basi kupona kwake hakutuondolei kitu. Hata hivyo siwezi kudai kwamba nalala usingizi ule ule ambao ningelala kama angekufa. Nalala vizuri zaidi. Je, ni neema hiyo, au ni kujidanganya? Padre wangu, nilipomwuliza, alinyamaza kitambo, kisha akaniambia nimwombee yule aliyemfikisha.

Maana mama yule hakufika kwa miguu yake. Hilo nimelipita makusudi, nilisema mwisho.

Tulipokuwa tunashuka kutoka mlimani, kabla ya kufika kituo cha afya, sote tulitazama kandokando ya njia na hakuna aliyeimba. Tulikutana na yule msukuma baiskeli mwenye kofia nyekundu. Alikuwa anapanda, na bidoni zake tano, lakini alikuwa nyuma sana. Asubuhi tulimpita mbali chini, na kwa mwendo wao alipaswa awe amekwisha kivuka kilima kile mchana. Shemeji akasimama, akamwuliza kama amemwona mama mwenye mtoto mgongoni. Akasema amemwona. Alikuwa amekutana naye muda mfupi baada yetu. Aliziacha bidoni kwenye nyumba ya kwanza, akampandisha mama yule na mtoto juu ya baiskeli, na kwa kuwa njia inashuka aliisukuma mbio, akikimbia kando yake, hata kituo cha afya. Kisha akarudi na baiskeli tupu kufuata mafuta yake. Alisimulia hivyo kama mtu anayesimulia habari za njia. Soko la Kabambare alilokuwa analiwahi alijua amekwisha likosa.

Mke wangu akamwambia, "Baba, sisi tulimwona kwanza."

"Najua," akasema. "Alinionyesha ndizi. Ninyi mlikuwa na watoto."

Shemeji alitoa pesa. Hakuzikataa kwa kiburi, ila alizitazama, akasema zikae kwanza. Kama tunataka kumsaidia, kilima kilichobaki ni kirefu na amechoka. Motokari yetu ilikuwa imeelekea chini, na njia pale ni nyembamba, haigeuki. Basi tulishuka. Shemeji alishika fimbo ya usukani, mimi nikashika nyuma, na watoto wawili wakubwa wakasukuma bidoni huku na huku. Kofia nyekundu alitembea kando yetu mikono mitupu, akitufundisha namna ya kuikata njia ili gurudumu lisizame katika mchanga. Lita 100 za mafuta ni karibu kilo 90, bila kuhesabu baiskeli yenyewe. Baada ya kona ya kwanza shati langu lilikuwa limelowa. Baada ya kona ya pili shemeji aliomba tusimame. Binti yangu hakutaka kusimama. Tulifika juu jua likiwa jekundu, na nilipogeuka niliona motokari chini, ndogo, na mama yangu ameshuka ndani yake, amesimama barabarani na ile sweta yake, anatutazama.

Tulipomrudia tulikuwa bado tunahema. Alitutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka, na hakusema neno la baba yake, ingawa nilikuwa nalingojea.